Ruta Inapopiga Hodi: Kuweka Namba ya Simu ya Nyumbani kwenye FRITZ!Box

Nyuma ya FRITZ!Box iliyoko sebuleni kwako kuna tundu lililoandikwa FON. Katika nyumba nyingi za Waswahili nilizoingia hapa Ujerumani, tundu hilo halijachomekwa kitu tangu siku ruta ilipotolewa kwenye boksi. Kila mwezi watu wanalipia laini ambayo ndani yake mna namba ya simu, na namba yenyewe hawaijui. Mtoto akipata homa shuleni, mwalimu anapiga simu ya mkononi ya baba, na baba yuko zamu, simu kaiacha kabatini.

Aliyenifanya nilishike jambo hili kwa mikono miwili ni bi mkubwa mmoja wa Tanga, jirani yangu hapa Hamburg. Mwanawe hutoka kwenda kazini saa kumi alfajiri, naye hubaki na wajukuu wawili. Simu ya kupangusa kwa kidole inamchosha: mara imezima, mara imenyamazishwa na mtoto aliyekuwa akichezea, mara akigusa pa kupokea inakata. Siku moja, nilipokwisha kumwamkia, akaniambia, "Mwanangu, nitafutie simu ya vitufe. Iwe inalia kwa nguvu na inakaa mahali pamoja." Hakuhitaji kununua laini nyingine. Ruta ya mwanawe ilikuwa na kila kitu ndani yake.

Usidhani simu ya mezani ya leo ni ile ya zamani yenye waya wake peke yake hadi kwenye mtambo. Kampuni za hapa zimehamisha laini zake kwenye intaneti, na sauti sasa inasafiri njia moja na picha zako za WhatsApp. Kwa hiyo ruta ndiyo simu yenyewe. Kile unachokishika mkononi ni sikio na mdomo tu. AVM ya Berlin ilitoa FRITZ!Box ya kwanza mwaka 2004, na simu ni kazi yake tangu siku nyingi. Nimeichagua kwa mwongozo huu kwa kuwa ndiyo ninayoikuta katika nyumba nyingi. Kama yako ni ya chapa nyingine, menyu zitatofautiana lakini mambo ya kujaza ni yaleyale.

Kwanza uwe na akaunti. Kama unalipia laini ya nyumbani kwa Telekom, Vodafone au kampuni nyingine kubwa, yamkini tayari unayo. Tafuta barua uliyoletewa siku ya kwanza, au ingia kwenye ukurasa wako wa mteja. Mara nyingi, ruta ikiwa imetoka kwa kampuni yenyewe, namba inaingia bila wewe kugusa kitu. Kama umenunua ruta yako mwenyewe, fahamu kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2016 sheria ya hapa inakupa haki ya kutumia ruta unayoitaka, na kampuni inalazimika kukupa taarifa za kuingilia, zikiwemo za simu. Ukiambiwa na mtu wa huduma kwamba za simu hazitolewi, usikate tamaa. Omba kwa maandishi, taja haki hiyo, subiri jibu.

Njia ya pili ni kufungua akaunti kwa kampuni inayouza simu za intaneti peke yake, kama sipgate ya Düsseldorf au easybell ya Berlin. Hawa hawahitaji kujua intaneti yako ni ya nani. Namba yenye msimbo wa mji, kama 040 ya Hamburg, hupewi mpaka uonyeshe kwamba una makazi katika mji huo, basi uwe na karatasi ya anwani karibu.

Utakachopokea ni vitu vitatu: jina la mtumiaji, nywila, na anwani ya seva, ambayo kwenye ruta huitwa "Registrar". Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, nami naomba usome polepole. Nywila ya simu siyo ile unayoingilia kwenye ukurasa wa mteja. Kampuni nyingi hutoa nywila mbili tofauti, na ukiweka ya ukurasa kwenye ruta utakesha. Vilevile jina la mtumiaji si lazima liwe namba yako. Laweza kuwa mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Liandike lilivyo.

Kabla hujajaza chochote, elewa ruta inakwenda kufanya nini na vitu hivyo vitatu. Ukishaelewa hapo, hitilafu karibu zote utazitambua mwenyewe.

Ruta ikiwaka, inakwenda kwa seva ya kampuni kupiga hodi. Inatuma ujumbe mfupi: mimi ni namba fulani, nipo. Seva haimkaribishi mtu kwa kutaja jina tu. Inarudisha swali, nani wewe hasa?, na pamoja na swali inatoa neno la kubahatisha la kutumika mara hiyo. Ruta inalichanganya neno hilo na nywila yako, inapiga hesabu, inatuma jibu. Nywila yenyewe haitoki nyumbani. Seva nayo inapiga hesabu ileile upande wake. Majibu yakilingana inasema karibu, kisha inaandika kwenye daftari lake kwamba namba hii kwa sasa inapatikana kwenye anwani hii ya intaneti. Muda uliowekwa ukikaribia kwisha, ruta inabisha tena, na hivyo hivyo usiku na mchana, wewe umelala. Lugha ya mazungumzo hayo inaitwa SIP, na kanuni zake za msingi zinazotumika mpaka leo zilichapishwa Juni 2002 katika waraka uitwao RFC 3261.

Mtu akikupigia, seva inatazama daftari. Ikikuona, simu inalia. Ikiwa hodi yako imekwisha muda na ruta haijarudi kubisha, mpigaji anaambiwa hupatikani, hata kama umekaa hatua mbili kutoka kwenye simu.

Sasa tuingie kazini. Tumia kompyuta ukiweza, maana kwenye simu ndogo visanduku vinabanana. Fungua kivinjari, andika fritz.box. Ikikataa, andika 192.168.178.1. Nywila ya kufungulia iko kwenye kibandiko chini ya ruta, isipokuwa kama kuna mtu aliibadilisha. Ingia "Telefonie", kisha "Eigene Rufnummern", ubofye "Neue Rufnummer". Chagua kwamba unaweka namba ya intaneti. Itakuletea orodha ya kampuni. Yako ikiwemo, ichague, kwa sababu ruta inajua tayari anwani za seva zao na mipangilio midogo midogo wanayoitaka. Isipokuwemo, chagua "Anderer Anbieter", maana yake kampuni nyingine, ujaze mwenyewe.

Namba utaulizwa mara mbili. Ya kujisajilia iandike sawasawa na karatasi ya kampuni, iwe inaanza na 0049, 040 au 49. Ya ndani ni ile itakayoonekana kwenye ruta yako tu; weka namba fupi isiyo na msimbo wa mji. Penye "Benutzername" jaza jina la mtumiaji, penye "Kennwort" nywila, penye "Registrar" anwani ya seva. Kisanduku cha "Proxy-Server" kiache kitupu kama kampuni haikukupa kitu cha kujaza. Visanduku vingine viache vilivyo. Nimewaona watu wakibadilisha vitu kumi kwa mpigo wakitafuta kosa moja, mwisho wana makosa kumi na moja.

Ukihifadhi, ruta itakuomba uthibitishe kwa kubonyeza kitufe juu yake, ili ijue kwamba anayebadilisha mambo ya simu yuko ndani ya nyumba. Inuka ukabonyeze. Kisha itajaribu kupiga hodi papo hapo.

Kwa bi mkubwa hodi ya kwanza ilikataliwa. Mwanawe alikuwa ameshika barua akinisomea nywila, herufi moja moja, nami naandika. Tulirudia mara ya pili, ikakataa tena. Nikamwambia tusimame, kwa sababu seva nyingi, zikibishiwa na nywila mbovu mara kadhaa, humfungia mbishaji kwa muda, na hapo hata nywila sahihi haitasaidia. Tukaitazama barua ile dirishani kwenye mwanga. Herufi ya tano, aliyoisoma kama l ndogo ya "laini", ilikuwa I kubwa ya "Ijumaa". Katika chapa ile ni kijiti kimoja, hazitofautiani hata kwa unene. Tangu siku hiyo siandiki tena nywila kwa kusomewa. Naingia kwenye ukurasa wa mteja, nainakili, naibandika, na nahakikisha sijabeba nafasi tupu mwanzoni au mwishoni. Ukilazimika kutumia barua, zichunguze O na 0, l na I na 1, kabla ya kulaumu kitu kingine.

Alama ya kwamba umekaribishwa ni kitone cha kijani kando ya namba yako kwenye ukurasa wa "Eigene Rufnummern". Kikiwa cha kijivu, hodi haijaitikiwa. Kikishakuwa kijani, pitia pia sehemu ya mipangilio ya laini, hakikisha nchi ni 49 na msimbo wa mji ni wako. Ukikosea hapo, simu za mjini kwako zitakwenda zisikojulikana.

Namba ipo, bado simu. Simu ya waya unaichomeka kwenye FON na kazi imekwisha. Isiyo na waya, ile ya DECT yenye kitako cha kuchajia, inaunganishwa hivi: kwenye simu tafuta menyu ya kujisajili kwa kituo, kwenye ruta bonyeza na kushikilia kitufe cha DECT mpaka taa imulike, na ukiulizwa PIN weka 0000 kama haijabadilishwa. Halafu rudi kwenye "Telefoniegeräte" ukapange simu hii ilie kwa namba ipi na ipige kwa namba ipi. Mtu mwenye namba mbili akisahau hatua hii atashangaa kitone ni kijani, wapigaji wanasikia mlio, na nyumbani kimya. Ukitaka kujua kama simu yenyewe ni nzima, piga **9 kutoka simu moja ya ndani: nyingine zote za nyumbani zitalia, bila malipo na bila kutoka nje ya ruta.

Simu ya mkononi ya zamani isiyo na laini nayo inaweza kutumika. Weka programu ya FRITZ!App Fon, iunganishe na waifai ya nyumbani, nayo itapokea na kupiga kwa namba ya nyumbani. Kwa kijana wa miaka kumi na miwili ambaye hujataka kumpa laini yake, naona ni jambo zuri.

Kuhusu sauti, neno moja. Simu ya kawaida hubeba sauti kati ya hezi 300 na 3400 tu. Mlio wa s na ule wa f hutofautiana zaidi juu ya hapo, ndiyo maana kwenye simu mbovu "saa" husikika "faa" na mtu hukuuliza mara mbili. Simu za DECT zenye HD hutumia kodeki (namna ya kusimba sauti) ya G.722, inayobeba kutoka hezi 50 hadi 7000, lakini lazima upande wa pili nao uwe nayo, na kampuni za katikati ziipitishe. Kwa mtu mzima ambaye masikio yamepungua, tofauti hiyo ni kubwa. Mnunulie simu yenye HD.

Intaneti ya kasi kubwa haihitajiki. Sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, na kwa kodeki ya kawaida ya G.711 hiyo ni kilobiti 64 kwa sekunde. Ukijumlisha bahasha za pakiti zenyewe, hesabu kilobiti 100 kila upande, kwenda na kurudi, na utakuwa salama. Kinachoharibu maongezi ni pakiti kuchelewa kwa vipindi visivyo sawa, hasa mtu chumba cha pili anapopakia video ndefu. FRITZ!Box iliyoshika laini yenyewe hutanguliza sauti. Ikiwa imewekwa nyuma ya ruta nyingine, haiwezi kuiamuru ile ya mbele.

Na hilo la ruta mbili ndilo chanzo cha ugonjwa unaowatesa watu kuliko wote: unamsikia mwenzako, yeye hakusikii, au simu inalia kwa dakika chache baada ya ruta kuwashwa kisha hailii tena. Hodi ilifika na ikaitikiwa, lakini mlango ulioachwa wazi kwenye ruta ya mbele kwa ajili ya majibu umejifunga kwa kukaa kimya. Katika mipangilio ya laini kuna chaguo la kuuweka mlango huo hai, linaloanza na neno "Portweiterleitung". Liwashe, chagua sekunde 30. Kisha kwenye ruta ya mbele tafuta kitu kinachoitwa SIP ALG ukizime. Kilitengenezwa kusaidia, na mara nyingi huvuruga anwani zilizomo ndani ya ujumbe.

Hitilafu nyingine zisome kwenye "System", kisha "Ereignisse". Ruta huandika sababu. Ikitaja DNS, anwani ya seva umeikosea au intaneti haipo. Ikisema muda umepita bila jibu, hodi haikufika, au seva imekufungia. Subiri nusu saa kabla ya kugusa kitu. Ikitoa 401 au 403, rudi kwenye jina na nywila. 404 ni namba isiyojulikana, kwa hiyo angalia ile ya kujisajilia. Namba ya simu ya kampuni ya laini hukataa pia mara nyingi kusajiliwa kutoka kwenye intaneti ya mtu mwingine, kwa hiyo ukihama nayo kwenda kwa rafiki usitegemee itafanya kazi.

Yote yakitulia, ingia "Sicherung" uhifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta yako, ikiwa na nywila yake. Ruta ikifa, utashukuru.

Sasa fedha, na hapa sitaki uharakishe. Nywila ya akaunti ya simu ni pochi iliyo wazi. Anayeipata anaweza kupiga hodi kwa jina lako kutoka popote duniani na kupiga namba za nje za bei ghali, ambazo sehemu ya malipo yake hurudi kwa wenye kuzimiliki. Mapema mwaka 2014 wahalifu walitumia tundu la usalama katika programu ya FRITZ!Box na kupiga simu za gharama kubwa nje ya nchi kwa akaunti za watu. AVM ilitoa masasisho Februari mwaka huo. Kwa hiyo washa masasisho ya moja kwa moja. Usifungue mlango wa 5060 kwenye ruta hata kama mtu amekushauri, kwa sababu FRITZ!Box haiuhitaji. Akaunti ya kampuni ya simu za intaneti ikiwezekana iwe ya kulipa kabla, na salio liwe dogo. Kisha nenda "Rufbehandlung", "Rufsperren", uzuie simu zote za kwenda nje ya nchi. Simu za nje zikikatazwa ndani ya ruta, mtoto hawezi kuzipiga kwa bahati mbaya. Ukiweza kuzizuia kwenye kampuni pia, fanya hivyo, kwa sababu aliyeiba nywila hapiti kwenye ruta yako.

Utaniuliza, na nyumbani nitapigaje? Endelea na WhatsApp. Dakika za bure zinazotangazwa na laini za hapa aghalabu ni za namba za mezani za Ujerumani, na bei ya kupiga simu ya mkononi ya Tanzania au Kenya inaweza kukuumiza. Ukiwa na sababu, kama kuzungumza na benki au hospitali isiyo na WhatsApp, tazama kwanza mstari wa simu za mkononi za nchi hiyo kwenye orodha ya bei, ondoa kizuizi, piga 00255 au 00254 ukiacha sifuri ya mwanzo ya namba, ukimaliza rudisha kizuizi. Waambie ndugu mapema kwamba utawapigia kwa namba inayoanza na +49. Wengi hawapokei namba ya kigeni wasiyoijua, na wana haki.

Umeme ukikatika, ruta inazima na simu ya nyumbani inakufa papo hapo, hata 112. Simu ya zamani ilipata umeme kutoka kwenye waya wake, hii haina. Mwenye mgonjwa nyumbani aweke betri ya akiba kwa ajili ya ruta, na kila nyumba iwe na simu ya mkononi yenye chaji. Ukihama mji, badilisha anwani kwenye akaunti siku hiyohiyo, kwa maana wapokeaji wa simu za dharura wanaweza kuongozwa na anwani iliyosajiliwa, na gari likaenda ulikotoka.

Baada ya yote, jaribu kwa watu. Piga kutoka simu yako ya mkononi, mtu aipokee chumbani, muongee dakika mbili kamili, msikilizane pande zote. Acha saa moja, piga tena bila kugusa ruta. Hiyo ya pili ndiyo inayokuonyesha kwamba hodi inajirudia.

Kwa bi mkubwa tulibandika karatasi ukutani juu ya kitako cha simu, kwa maandishi makubwa: namba yao wenyewe, jina la mtaa na namba ya nyumba, 112, na namba ya zamu ya mwanawe. Mjukuu mkubwa, anayesoma darasa la pili, alitakiwa asome mtaa kwa sauti mpaka asikwame. Alikwama mara mbili kwenye jina refu la Kijerumani, bibi akamngoja, akalisoma.